Dawa ya Moyo kwa Kongosho la Mtoto

Mwezi Februari mwaka 2023, jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio lililoendeshwa katika vituo 6 vya tiba ya kisukari cha watoto nchini humo. Washiriki walikuwa watoto na vijana 88 wenye umri wa miaka 7 hadi 17, na kila mmoja aliingizwa katika jaribio ndani ya siku 31 tangu agundulike kuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimeza dawa iitwayo verapamili mara moja kila siku. Kundi la pili lilimeza kidonge kilichofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani yake. Makundi yote mawili yaliendelea kutumia insulini. Mwaka ulipotimia, waliotumia verapamili walikuwa na kiwango cha peptidi C kilichozidi kile cha wenzao kwa asilimia 30. Peptidi C hutolewa na kongosho pamoja na insulini ambayo mwili umejitengenezea. Insulini ya sindano haina peptidi hiyo. Kwa hiyo kipimo chake humwambia daktari ni kwa kiasi gani kongosho la mgonjwa bado linafanya kazi.

Verapamili si dawa ngeni. Imetumika tangu miaka ya 1960 kwa shinikizo la juu la damu, kwa maumivu ya kifua yanayotokana na moyo kukosa damu ya kutosha, na kwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hataza yake ilikwisha zamani, viwanda vingi huitengeneza, na bei yake ni ndogo. Ndiyo sababu matokeo haya, ambayo katika nchi tajiri ni hatua moja kati ya nyingi, yanastahili kusomwa kwa makini zaidi katika Afrika Mashariki. Kati ya dawa zilizowahi kuonyesha dalili ya kulinda uwezo wa kongosho wa mtoto mwenye kisukari, hii ni mojawapo ya chache sana ambazo hospitali ya wilaya ingeweza kuziweka kwenye rafu. Lakini je, inawafaa watoto wa hapa? Jaribio la Marekani haliwezi kulijibu swali hilo. Litajibiwa tu na jaribio litakalofanywa miongoni mwa watoto wa Afrika Mashariki wenyewe, na wakati wa kuliandaa umefika.

Kisukari cha aina ya kwanza, kwa maelezo yaliyozoeleka vitabuni, ni ugonjwa wa kinga ya mwili kukosea adui. Askari wa mwili huzishambulia seli beta za kongosho, ambazo ndizo pekee zinazotengeneza insulini. Shambulio hilo huanza kimya, miezi au miaka kabla ya dalili. Mtoto anapoanza kunywa maji bila kutosheka, kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, na kukonda huku anakula, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kuharibika. Hata hivyo si zote. Katika miezi ya mwanzo ya matibabu, zile zilizosalia hupata ahueni na mahitaji ya insulini hushuka. Kipindi hicho madaktari hukifananisha na fungate, na kama fungate yoyote, hupita. Familia nyingi hudhani mtoto amepona. Wengine huacha sindano, na hapo ndipo maafa huanza. Lengo la majaribio yanayozungumziwa hapa ni kukirefusha kipindi hicho, si kumponya mtoto. Jambo hilo lazima lisemwe wazi tangu mwanzo: hakuna hata mmoja kati ya watoto wale 88 aliyeponywa.

Msomaji anaweza kuuliza faida iko wapi ikiwa sindano zinabaki palepale. Jibu limo katika utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliohusisha watu 1,441 na ambao matokeo yake makuu yalitangazwa mwaka 1993. Walioendelea kutengeneza insulini yao wenyewe, hata kidogo tu, walipata madhara machache zaidi ya macho, na sukari yao ilishuka ghafla mara chache zaidi kuliko wale ambao kongosho lao lilikuwa limenyamaza kabisa. Insulini inayotoka ndani ya mwili hupanda na kushuka kulingana na chakula. Ile ya sindano haijui kama mtoto amekula au amelala njaa. Katika nyumba yenye mashine ya kupimia sukari, stripu za kutosha na jokofu, tofauti hiyo ni ya starehe na ya afya ya baadaye. Katika nyumba ambako insulini huhifadhiwa katika chungu chenye mchanga wenye unyevu, stripu huisha katikati ya mwezi na mlo wa jioni hauna uhakika, tofauti hiyohiyo inaweza kuwa kati ya mtoto anayeamka asubuhi na yule asiyeamka. Kwa maneno mengine, akiba ndogo ya seli beta ina thamani kubwa zaidi kwa mtoto maskini kuliko kwa mtoto tajiri.

Historia ya kuzijaribu dawa zilizopo dhidi ya ugonjwa huu ni ndefu, na haikosi aibu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Ufaransa na Kanada waliwapa wagonjwa wapya saiklosporini, dawa inayowazuia waliopandikizwa figo wasizikatae. Baadhi ya wagonjwa, wakiwamo watoto, waliweza kuishi kwa muda bila sindano hata moja. Furaha haikudumu. Dawa ilipoachwa, ugonjwa ulirudi. Na kuendelea nayo kulikuwa kuhatarisha figo za mtoto ili kuokoa kongosho lake. Ikaja zamu ya nikotinamidi, mojawapo ya vitamini za kundi B. Ilikuwa rahisi, salama na ilifanya kazi kwa panya. Ndugu 552 wa wagonjwa, waliokuwa na dalili za damuni kwamba ugonjwa unawanyemelea, walishiriki katika jaribio la nchi nyingi za Ulaya pamoja na Amerika Kaskazini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: waliomeza vitamini na waliomeza kidonge kitupu waliugua sawasawa.

Karibu zaidi na nyumbani ni habari ya haidroksiklorokwini. Hii ni binamu wa klorokwini, dawa ambayo vizazi vya Afrika Mashariki viliimeza kwa ajili ya malaria na ambayo wengi hawajasahau jinsi ilivyowawasha mwili mzima. Kwa kuwa hutuliza kinga katika magonjwa kama ya viungo, ilidhaniwa ingeweza kuwachelewesha wale ambao damu yao tayari ina kingamwili dhidi ya kongosho lakini sukari yao bado ni ya kawaida. Watu 273 walishiriki. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu hapakuwa na dalili ya mafanikio, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023, mwaka uleule wa habari njema ya verapamili.

Dawa hizo tatu zinafunza kwamba kuzoeleka kwa dawa si ushahidi, na unafuu wa bei si ushahidi. Kati ya mawazo kumi mazuri yaliyozaliwa katika maabara, machache sana hufika kwa mtoto. Anayewahimiza wazazi wampe mtoto dawa fulani kwa kuwa "ni ya siku nyingi na haina madhara" anarudia kosa ambalo wataalamu walikwisha kulilipia.

Upande wa pili wa mizani wapo waliofanikiwa, na bei zao zinatisha. Mnamo Novemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha teplizumabu, dawa ya kwanza kabisa kuruhusiwa kwa ajili ya kuchelewesha kisukari cha aina ya kwanza. Katika jaribio la watu 76 lililochapishwa mwaka 2019, iliahirisha kuanza kwa ugonjwa kwa takribani miaka miwili. Miaka miwili ya utoto bila sindano si kitu cha kudharauliwa. Lakini bei iliyotangazwa kwa matibabu ya siku 14 ilikuwa takribani dola 193,900 za Marekani, zaidi ya shilingi milioni 400 za Tanzania. Tena dawa hiyo humsaidia mtu aliyegunduliwa kabla ya dalili, kwa vipimo vya kingamwili ambavyo katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki havipo hata kwa yule aliyekwisha kuugua.

Zipo pia dawa nyingine zilizopo ambazo zimejaribiwa kwa mafanikio ya kiasi. Barisitinibu, kidonge cha baridi yabisi, kilijaribiwa Australia kwa wagonjwa 91 wa miaka 10 hadi 30, na matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba kililinda uzalishaji wa insulini. Ustekinumabu, sindano ya ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, ilijaribiwa Uingereza kwa vijana 72, nayo ikaonyesha faida katika matokeo ya mwaka 2024. Ni kazi za kupongezwa. Hata hivyo dawa hizi hufanya kazi kwa kuipunguzia kinga ya mwili makali yake, na ni lazima anayezitumia achunguzwe kwanza kifua kikuu. Mahali ambapo kifua kikuu bado kimo majumbani, na mara nyingi babu anayekohoa analala chumba kimoja na wajukuu, hesabu ya faida na hatari haiwezi kunakiliwa kutoka Melbourne au Cardiff.

Verapamili haiingii katika kundi hilo, na hapa ndipo penye jambo lenye uzito zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham, watafiti wakiongozwa na Anath Shalev waliichunguza kwa miaka mingi protini moja ndani ya seli beta iitwayo TXNIP. Sukari ikizidi, protini hiyo huongezeka. Protini ikiongezeka, seli hufa. Verapamili huishusha. Kutoka kwa panya walihamia kwa watu wazima 24 katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2018, kisha likafuata lile la watoto. Kwa hiyo, tofauti na dawa nyingi zilizotajwa, verapamili haimkabili mshambuliaji. Humwimarisha anayeshambuliwa.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana kama jambo la wataalamu peke yao hadi pale mtu anapouliza ugonjwa wa watoto wa Afrika ni ugonjwa gani hasa. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini kwa watu 894 ambao ugonjwa wao uliwaanza wakiwa chini ya miaka 30, na ambao madaktari wao waliwatambua kwa dalili kuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Takribani asilimia 65 yao hawakuwa na kingamwili zinazotarajiwa. Yaani wengi wa wanaoitwa wagonjwa wa aina ya kwanza hawana alama ya lile shambulio la kinga ambalo vitabu vinalieleza. Wala hawafanani na wagonjwa wa aina ya pili. Wanahitaji insulini, lakini kilichoharibu kongosho lao hakijulikani: pengine utapiamlo, pengine maambukizi, pengine mazingira, pengine mchanganyiko wa hayo yote.

Kama hali ndivyo ilivyo hata kwa sehemu ya watoto wa Tanzania, Kenya, Burundi au Kongo, basi mpango mzima wa kutuliza kinga unaweza kuwa unamlenga adui ambaye kwa watoto hao hayupo. Kumpa mtoto wa namna hiyo dawa ya kushusha kinga kungekuwa kumtwisha hatari bila faida. Verapamili ni habari nyingine. Ikiwa kweli huilinda seli beta dhidi ya madhara ya sukari yenyewe, huenda ikafaa bila kujali ni nani aliyeanzisha uharibifu. Huenda pia isifae kabisa. Hilo ni jambo la kupimwa, na mahali pekee pa kulipima ni kule ambako watoto wa aina zote mbili, wenye kingamwili na wasio nazo, wanafika katika kliniki ileile. Afrika Mashariki basi haipaswi kusubiri jaribio hili kama mpokeaji wa misaada. Ina jibu ambalo Marekani na Ulaya haziwezi kulipata kwao kwa urahisi.

Wapo watakaosema kwamba ugonjwa wenyewe ni adimu. Ni kweli kwamba utafiti wa miaka kumi uliofanywa Dar es Salaam na A. B. Swai, Donald McLarty na mwenzao, na kuchapishwa mwaka 1993, ulipata wagonjwa wapya 1.5 tu kwa mwaka kwa kila watu 100,000 walio chini ya miaka 20. Nchini Finland idadi ya watoto wanaougua kila mwaka hupita 50 kwa kila 100,000. Lakini utafiti wowote wa hospitali huhesabu waliofika hospitali. Mtoto anayehema kwa kasi na kutapika, aliyetundikiwa dripu ya kwinini akafariki usiku kwa kile kilichoandikwa kuwa malaria kali, hakuingia katika hesabu ya mtu yeyote. Na hata kama uadimu huo ni wa kweli, ni sababu ya nchi kushirikiana, si sababu ya kutofanya.

Kuna mfano wa kuonyesha kwamba majaribio ya namna hii yakifanywa hapa huleta majibu ambayo hayakutarajiwa. Kwa miaka mingi kanuni za kimataifa ziliagiza mtoto aliyeishiwa nguvu kwa mzunguko hafifu wa damu apewe maji mengi ya mishipani kwa haraka. Jaribio la watoto 3,141 nchini Kenya, Tanzania na Uganda, lililochapishwa mwaka 2011, liligundua kwamba watoto waliopewa maji hayo kwa kasi walikufa zaidi: takribani asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Ushauri uliotoka kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi vya nchi tajiri ulikuwa ukiua watoto mahali ambapo hakuna mashine za kupumulia. Hakuna ambaye angejua kama lisingepimwa.

Mfano wa pili unagusa moja kwa moja suala la dawa zilizopo. Haidroksiyurea ni dawa ya saratani ambayo nchini Marekani ilikuwa imewasaidia wagonjwa wa selimundu kwa miaka mingi. Kwa Afrika kulikuwa na hofu: je, haitawaongezea watoto malaria na maambukizi? Watoto 606 wa Kenya, Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliipokea katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, vifo vikapungua, na malaria, ile iliyoogopwa, nayo ikapungua. Miaka mingi ilikuwa imepotea katika hofu ambayo jaribio moja liliiondoa. Kilifi na Mbale ni majina yanayojulikana leo kwa watafiti wa selimundu duniani kote. Hakuna sababu ya kongosho kutopata heshima iliyopewa damu.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa wahasibu. Linatoka kwa wauguzi wa kliniki za kisukari, nao wanasema: insulini kwanza. Wana haki. Tangu Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipopata sindano ya kwanza ya insulini huko Toronto, imepita zaidi ya karne moja, na bado wapo watoto wanaokufa kwa kuikosa. Mipango ya kimataifa iliyoanza kutoa insulini ya bure kwa watoto wa Tanzania, Uganda, Kenya na Kongo tangu mwaka 2009 na kuendelea imebadili mengi, lakini ni misaada, na misaada ina mwenyewe. Kuzungumzia kidonge cha kuhifadhi seli beta mbele ya mama aliyesafiri kwa basi siku nzima kufuata chupa moja ya insulini kunaweza kuonekana kama kumwonyesha mwenye kiu picha ya kisima.

Hata hivyo, kuvitenganisha vitu hivi viwili ni kutoelewa jinsi jaribio linavyofanya kazi. Mtoto hawezi kuingizwa katika jaribio la verapamili asipogunduliwa mapema. Yule aliyefika akiwa na koma baada ya wiki sita za kutibiwa malaria na homa ya matumbo atakuwa amebakiwa na seli chache za kulindwa. Kwa hiyo maandalizi ya jaribio yanaanzia zahanati, kwa kuhakikisha kwamba kila mtoto anayekojoa sana na kukonda anapimwa sukari siku hiyohiyo. Mtoto hawezi kupimwa peptidi C bila jokofu la kugandisha sampuli na bila maabara inayoaminika. Hawezi kulinganishwa na mwenzake ikiwa mmoja ana insulini na mwingine hana. Jaribio lililopangwa kwa uaminifu linalazimika kujenga mambo ambayo wauguzi hao wamekuwa wakiyaomba. Lisilopangwa hivyo halistahili kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wala cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na vyombo hivyo vina wajibu wa kulikataa.

Yapo mambo ya kiufundi ambayo hayawezi kurukwa. Jaribio la Marekani liliwaruhusu kumeza verapamili wale tu waliokuwa na uzito wa kilo 30 au zaidi. Katika vijiji vingi mtoto wa miaka 10 hafikii uzito huo hata akiwa mzima, sembuse aliyekondeshwa na kisukari. Dozi za watoto wepesi zitahitaji kutafutwa taratibu na chini ya uangalizi, maana verapamili hushusha shinikizo la damu na kupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na ikizidi kiasi inaua. Kila mshiriki atahitaji kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kuanza na baada yake. Itapendeza pia kingamwili zipimwe kwa wote mwanzoni, ili mwishoni ijulikane ni kundi lipi lililofaidika. Bila hilo, fursa ya pekee iliyoelezwa hapo juu itakuwa imetupwa.

Lugha nayo si jambo dogo. Fomu nyingi za ridhaa hukitafsiri kidonge kisicho na dawa kuwa "dawa bandia". Kwa msomaji wa Kiswahili, dawa bandia ni ile inayokamatwa bandarini na kuteketezwa mbele ya kamera. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe huenda akapewa dawa bandia ana kila sababu ya kuondoka, na anayebaki huenda hakuelewa. "Kidonge kitupu" kinasema ukweli bila kutisha. Vivyo hivyo kuhusu damu: kipimo cha peptidi C huhitaji mtoto anywe kinywaji maalumu kisha atolewe damu mara kadhaa kwa muda wa saa mbili au zaidi. Hadithi za mumiani hazijafa katika pwani hii, na hazitakufa kwa kudharauliwa. Zinajibiwa na mtu anayeeleza, kwa lugha ya nyumbani na kabla ya sindano, damu hiyo ni vijiko vingapi, inakwenda wapi na itarudi na jibu gani. Mtoto mwenyewe, akiwa na umri wa kuelewa, aulizwe. Kukubali kwa baba hakutoshi.

Kuna hatari ya ndani zaidi katika ridhaa ya maskini. Ikiwa jaribio ndilo mlango pekee wa kupata insulini ya uhakika, mzazi hachagui, anasukumwa. Njia ya kuliepuka hilo ni moja tu: insulini na stripu zitolewe kwa kila mtoto wa kliniki husika, awe ameshiriki au amekataa. Itaongeza gharama. Na iongeze.

Gharama yenyewe nani ataibeba? Si mwenye kiwanda, kwa kuwa hakuna faida ya kuvuna katika dawa ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitengeneza. Jaribio la Marekani lililipiwa na JDRF, shirika lililoanzishwa mwaka 1970 na wazazi wa watoto wenye kisukari. Fedha za umma za utafiti katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni chache, lakini jaribio la dawa nafuu linaloshirikisha kliniki za nchi tatu au nne si ndoto. Mitandao ya kliniki za watoto wenye kisukari ipo tayari, na wataalamu waliofunzwa katika vyuo vikuu vya ukanda huu wapo. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuliweka katika orodha ya vipaumbele kabla wafadhili hawajaliweka katika yao.

Hadi hapo, hakuna daktari anayepaswa kumwandikia mtoto verapamili kwa sababu ya kisukari nje ya utafiti, hata kama ameisoma habari hii na ile ya jarida la Marekani. Watoto 88 ni wachache. Mwaka mmoja ni mfupi. Wastani wa sukari wa miezi mitatu haukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa kati ya makundi mawili, pengine kwa sababu wote walikuwa wakitibiwa vizuri kuliko mtoto wa kawaida wa popote. Mzazi anayesikia habari za kidonge asipunguze hata kipimo kimoja cha insulini. Na duka la dawa linaloanza kuuza verapamili kwa wazazi kwa jina la kutibu kisukari litakuwa linatenda kosa.

Tamko la Helsinki la madaktari wa dunia linataka kwamba, kabla jaribio halijaanza, iwe imeandikwa washiriki watapata nini likiisha. Kwa jaribio hili kifungu hicho kiandikwe kwa majina na kwa miaka: nani atatoa insulini kwa kila mtoto aliyeshiriki, kutoka stoo ipi, kwa bajeti ipi, hadi atimize umri gani, na endapo verapamili itathibitika kufaa, nani atampelekea yule aliyemeza kidonge kitupu.